Je, Mja Aweza Kwenda Sawa na Nuru? Mjadala wa Machakos

Miongoni mwa maswali ambayo binadamu hujiuliza pindi atazamapo nyota, moja limekuwa likirudi kizazi baada ya kizazi bila kuchoka, nalo ni hili: je, itakuja siku ambayo watu watasafiri kwa kasi iliyo sawa na ya nuru? Swali hili lafaa kujadiliwa Machakos kuliko mahali pengi, kwa kuwa tarehe ya mji huu, tangu ulipokuwa kituo cha misafara iliyopanda kutoka Pwani hata reli ilipoupita kando na kuipa Nairobi ukubwa wake, ni tarehe ya watu na mwendo. Wasemaji wanne wamepewa nafasi hapa. Kijana, mwanafunzi wa chuo, anaiunga mkono hoja; Mwalimu wa fizikia anaipinga; Mzee, mtu wa Malindi aliyehamia huku zamani akafanya maskani, na Mama, mkulima wa vilima vya Iveti, hawakufungamana na upande wowote. Hawatajwi kwa majina yao, maana kinachopimwa ni hoja wala si msemaji.

MWENYEKITI: Mabibi na mabwana, kabla hatujabishana juu ya kasi, yatupasa kuijua kwa kipimo chake. Nuru, inapopita mahali pasipo na kitu, huenda mita 299,792,458 kwa sekunde moja. Wala hesabu hii si ya kukisia, kwa sababu tangu mwaka 1983 urefu wa mita wenyewe hufafanuliwa kwa kasi hiyo. Nuru itokayo katika jua hutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 20 hivi, na ile ya mwezi kwa sekunde moja na robo. Na masafa ya kutoka Mombasa hadi hapa, ambayo misafara ya kale iliyakata kwa majuma, nuru ingeyakata katika muda ulio chini ya sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Hiyo ndiyo kasi tunayoiulizia. Kijana, anza.

KIJANA: Ahsante, Bwana Mwenyekiti. Naomba nianze na mwaka mmoja uliobeba mambo mawili makubwa. Katika mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kwa miguu, akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani ambaye misafara yake ilijulikana hata Mombasa, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya kwa macho yake. Mwaka uo huo, huko Ufaransa, Hippolyte Fizeau aliipima kasi ya nuru hapa hapa duniani kwa gurudumu lenye meno, akiipitisha nuru katika pengo la jino na kuirudisha kwa kioo kilichosimamishwa umbali wa zaidi ya kilomita 8. Basi wakati ambapo mtu mwepesi kuliko wote katika nchi hii alikuwa mtembea kwa miguu, nuru ilikuwa imekwisha kutiwa katika hesabu.

Tazameni yaliyofuata. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi. Mwezi wa Mei 1969 watu watatu waliokuwa ndani ya Apollo 10 walirejea kutoka mwezini kwa kasi ya kilomita 39,897 kwa saa. Mwezi wa Desemba 2024 chombo kiitwacho Parker, kisicho na mtu ndani yake, kilipita karibu na jua kwa kasi ya kilomita 692,000 kwa saa. Wazee wetu wanasimulia kwamba Syokimau, mtabiri mwanamke wa Wakamba, aliona nyoka mrefu atakayeikata nchi kutoka maji hadi maji. Na walioyasikia maneno hayo hawakuwa na lolote la kuyalinganisha nayo. Leo kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka 2012 katika kaunti hii hii kinaitwa kwa jina lake, na reli mpya ya Mombasa ina kituo chake kikuu papo hapo. Kila kizazi kilichosema "haiwezekani" kimefedheheshwa na wajukuu wake. Kwa nini sisi tuwe wa kwanza kusema neno hilo na tusifedheheke?

MWALIMU: Kijana amesema kwa ufasaha, na kila tarehe aliyoitaja ni sahihi, lakini nyumba aliyoijenga juu ya tarehe hizo ina msingi wenye ufa. Mambo yasiyowezekana ni ya namna mbili. Yako yale yasiyowezekana kwa sababu ya ada, yaani hatujayazoea, hatuna chombo chake, au hatuna mali ya kukitengenezea; na yako yale yasiyowezekana kwa sababu ya maumbile, yaani kanuni ambayo kwayo ulimwengu umesimama inayakataa. Treni haikuvunja kanuni yoyote ya maumbile. Maji yalikuwa yakichemka na mvuke ukisukuma vifuniko vya vyungu tangu dahari, na aliyekuja na treni aliutumia mvuke ule ule. Vivyo hivyo Apollo 10 ilikwenda kwa kanuni zilizokwisha kuandikwa karibu miaka mia tatu kabla yake, wala hakuna mwanachuoni aliyezijua vizuri ambaye angeapa kwamba haiyumkiniki mtu kwenda mwezini. Ukuta wa ada huvunjwa kila siku; ukuta wa maumbile haujapata kuvunjwa na yeyote.

KIJANA: Na burhani ya kwamba nuru ni ukuta wa maumbile iko wapi, Mwalimu? Isije ikawa ni ada iliyovikwa joho la wanachuoni.

MWALIMU: Burhani ni nyingi, nami nitatoa zinazotosha. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley, huko Marekani, walitafuta tofauti katika kasi ya nuru inayokwenda pande mbalimbali, wakitaraji kwamba mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao ni kilomita 30 hivi kwa sekunde, ungeiongeza kasi hiyo upande mmoja na kuipunguza upande mwingine. Hawakuona tofauti. Mwaka 1905 Albert Einstein akaueleza ulimwengu maana yake: kasi ya nuru ni ile ile kwa kila mpimaji, awe amesimama au anakwenda, na kitu chochote chenye uzito, kadiri kinavyoikaribia kasi hiyo, ndivyo kinavyodai nishati kubwa zaidi kwa kila hatua ndogo ya kuongeza mwendo. Ni kama kupanda mlima ambao kilele chake hurefuka kwa kila hatua unayoipiga.

Nitasema kwa hesabu ya nyumbani. Ili mtu mmoja wa kilo 70, bila chombo, bila chakula, bila hata nguo, afikishwe kwenye asilimia 99 ya kasi ya nuru, yatakiwa nishati inayozidi umeme wote unaozalishwa Kenya kwa miaka 700, kwa kiwango cha sasa. Akitaka kufika asilimia 99.9, yatakiwa mara tatu na nusu ya hiyo. Na akitaka kufika asilimia 100 kamili, hesabu haina mwisho: hakuna kiasi cha nishati kinachotosha, si cha Kenya, si cha jua, wala si cha nyota zote zikichomwa pamoja.

KIJANA: Hiyo ni hesabu ya karatasini. Je, imejaribiwa?

MWALIMU: Imejaribiwa, na inajaribiwa kila siku. Huko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, chini ya ardhi, iko njia ya mviringo yenye urefu wa kilomita 27, mali ya taasisi ya CERN, ambamo chembe ziitwazo protoni husukumwa kwa mitambo ya umeme ambayo mataifa mengi yalichanga mali kuijenga. Protoni hizo hufika asilimia 99.999999 ya kasi ya nuru. Zimebaki nyuma yake kwa mita 3 hivi kwa sekunde, mwendo ambao mtoto yeyote wa hapa Machakos huupita akikimbilia shule. Na mita hizo 3, pamoja na mali yote ile, hakuna aliyeweza kuziziba, ilhali protoni moja ni nyepesi hata mizani ya dhahabu haiwezi kuihisi. Ikiwa kitu chepesi kiasi hicho kimeshindwa, mwili wa mwanadamu utapitia wapi?

KIJANA: Lakini taasisi hiyo hiyo uliyoitaja ilipata kututangazia mengine. Mwaka 2011 wanasayansi waliotumia chembe ziitwazo nyutrino, zilizorushwa kutoka CERN hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, masafa ya kilomita 730 hivi, walisema kuwa zilifika kabla ya nuru. Tangazo lile lilisomwa duniani kote.

MWALIMU: Lilisomwa, na wenyewe wakalirudisha. Mwaka uliofuata waligundua kwamba waya mmoja wa nuru uliounganishwa na saa yao haukukazwa sawasawa, na hitilafu hiyo ndiyo iliyoleta tofauti. Vipimo vilipokaririwa, nyutrino hazikuipita nuru. Na sisi watu wa Machakos tusistaajabu, kwa maana tuna darasa la jambo hili mlangoni petu. Sote tunapajua Kyamwilu, ambapo maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima, na gari lililozimwa huonekana likikwea lenyewe, na watu husafiri kutoka mbali kuja kupatazama. Mahali pa namna hii pako pengi duniani, na palipopimwa kwa vyombo vya wapimaji wa ardhi palionekana kuwa mteremko, ila vilima vinavyopazunguka vimelificha jicho mstari wa upeo, likadhani chini ni juu. Uvutano wa dunia haukubatilika. Ni jicho lililodanganyika. Nyutrino za mwaka 2011 zilikuwa Kyamwilu ya wanachuoni, na sifa yao ni kwamba walirudi na kipimo badala ya kung'ang'ania ajabu.

MWENYEKITI: Mzee, umesikiliza kwa utulivu. Neno lako.

MZEE: Bismillahi. Kwanza naondoa jambo moja njiani. Sisi Waislamu twaamini safari ya Mtume, ya Isra na Miraji. Nayo ni muujiza, na muujiza ni wa Mwenyezi Mungu peke yake, haupimwi kwa saa wala haushindanishwi na vyombo. Nimelitaja ili asije mtu akasema kwamba mwenye imani hana budi kuiunga mkono hoja hii, au kuipinga. Tunalojadili ni uwezo wa mja kwa akili na mikono yake.

Nasema hivi, wanangu. Nilikuwa kijana kule kwetu tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Wataliano baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya nchi yetu. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa makusudi kwa kuzitazama nyota kwa eksirei. Ilikusanya habari za mamia ya vitu vya mbinguni, kimojawapo kikiwa kile kiitwacho Cygnus X-1, ambacho wataalamu walikuja kukikubali kuwa ni shimo jeusi, kitu chenye uvutano mkubwa hata nuru yenyewe haiwezi kukitoka. Na mwanachuoni aliyeiongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa Nishani ya Nobel mwaka 2002.

Masafa ya Cygnus X-1 ni miaka-nuru 7,000 na zaidi. Maana yake, miale iliyoonwa na Uhuru iliondoka huko kabla ya kujengwa piramidi za Misri. Basi mimi nauliza: tuna haja gani ya kuikimbilia nuru ilhali nuru inatujia yenyewe, tena imebeba habari, na kilichotakiwa ni chombo cha kuipokea na mtu aliyesoma wa kuifahamu? Wafanyabiashara wa Pwani hawakuhitaji kwenda Bara Hindi kila mara ili wajue bei ya nguo. Walipokea barua na shehena, wakajua.

KIJANA: Mzee wangu, kwa heshima, mwenye kupokea barua si sawa na mwenye kwenda. Bahari hii isingekuwa na Mswahili wala Mwarabu wala Mhindi kama watu wangeridhika na barua. Nyota iliyo jirani kabisa na jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka-nuru 4 na robo. Na kwa kasi ya Apollo 10 ingetuchukua miaka zaidi ya laki moja kuifikia. Ikiwa Mwalimu amesema kweli, basi tumefungwa.

MWALIMU: La, hatukufungwa; na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Kanuni iyo hiyo inayokataza kuifikia nuru ndiyo inayofupisha safari. Kitu kinachokwenda kasi, wakati wake hupita polepole kuliko wakati wa aliyebaki. Hii si ndoto. Juu angani, kwenye kimo cha kilomita 15 hivi, huzaliwa chembe ziitwazo muoni, ambazo umri wake kwa wastani ni sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Hata zingekwenda kwa kasi ya nuru, umri huo usingeziwezesha kupita mita 700. Lakini zinafika ardhini, na zinaipita mikono yetu sasa hivi tunapozungumza, kwa sababu saa yake, kwa kipimo chetu, inakwenda polepole. Hata saa za setilaiti za GPS zinazomwonyesha njia mwenye bodaboda hurekebishwa kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kwa ajili ya mwendo wake na kwa ajili ya uvutano. Zisiporekebishwa, ramani ingekosea kwa kilomita 10 hivi katika siku moja.

Kwa hiyo, msafiri atakayekwenda Proxima kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru atahesabu miezi 7 tu njiani, na miezi 7 kurudi. Huku Machakos tutakuwa tumehesabu miaka 8 na nusu na zaidi. Na atakayeweza kwenda Cygnus X-1 kwa asilimia 99.9999 atazeeka miaka 10 njiani. Sisi huku tutakuwa tumepitiwa na miaka elfu saba.

MAMA: Bwana Mwenyekiti, hapa naomba niseme, maana nimesikia nishati na nimesikia kasi, lakini sijasikia mtu. Katika vijiji vyetu wako akina mama ambao mabinti zao walikwenda nchi za Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili, na miaka miwili hiyo, pamoja na simu na fedha zinazotumwa, ni mirefu kwa mtoto aliyeachwa na nyanya yake. Anaporudi, mtoto humwita mama kwa kufundishwa. Sasa Mwalimu anatueleza juu ya safari ambayo mwenda hupoteza mwaka mmoja na kidogo, na walioachwa hupoteza miaka 8. Na nyingine ambayo mwenda akirudi hatakuta kabila, wala lugha, wala kaburi la mtu anayemjua. Nauliza: huyo atakuwa amesafiri au amefiwa na dunia nzima kwa mpigo mmoja? Na kina nani watakaomtuma? Maana shamba la kulimwa hupimwa kwanza kwa watakaolila, si kwa ukali wa jembe.

KIJANA: Mama, nakubali kwamba bei ni kubwa. Lakini mabaharia wa jahazi waliosubiri kaskazi na kusi, waliaga wakijua kwamba huenda wasirudi, na hawakuzuiwa. Bei kubwa haithibitishi kwamba bidhaa haipo. Na bado sijakata tamaa ya kanuni yenyewe. Mwaka 1994 Miguel Alcubierre, mwanafizikia wa Mexico, aliandika hesabu zinazoonyesha kwamba anga lenyewe laweza kukunjwa mbele ya chombo na kukunjuliwa nyuma yake, chombo kikafika kabla ya nuru bila ya kuipita mahali kilipo. Na wanafalaki wote wanakubali kwamba ziko galaksi za mbali zinazoachana nasi kwa kasi inayozidi ile ya nuru.

MWALIMU: Galaksi hizo hazisafiri katika anga, ni anga lililo baina yetu na zenyewe linalopanuka, wala hakuna ujumbe wowote unaoipita nuru kwa njia hiyo. Ama hesabu za Alcubierre, ni hesabu halali, nami humwonyesha kila mwanafunzi mwenye bidii. Lakini zinadai namna ya nishati iliyo chini ya sifuri, kwa wingi ambao hakuna aliyewahi kuukusanya wala anayejua utakusanywaje. Nakubali zijadiliwe. Sikubali ziitwe njia, maana njia ni ile iliyopata kukanyagwa hata kwa hatua moja.

MWENYEKITI: Wasemaji wamemaliza, na imenibakia kutoa hukumu, nami nitaitoa bila kuuma maneno, kwa kuwa mjadala usio na hukumu humwacha msikilizaji pale pale alipokuwa.

Kwanza, hoja kama ilivyowekwa imeanguka. Mwanadamu ana uzito, na chenye uzito hakiifikii kasi ya nuru. Hili si kwa udhaifu wetu, wala si kwa uchanga wa vyombo vyetu, bali ni kwa namna ulimwengu ulivyoumbwa, na limejaribiwa kwa chembe zilizo nyepesi mno. Kijana amekosea alipoifanya nuru kuwa ada.

Pili, hoja iliyo jirani yake imesimama. Kuikaribia kasi ya nuru hakukukatazwa na kanuni yoyote. Kilichokuzuia ni nishati, mali na ufundi, navyo ni katika mambo ya ada, ambayo Kijana ana haki ya kutaraji kwamba yatabadilika. Na kwa kuwa wakati wa msafiri hufupika, nyota hazikufungwa kwa mwanadamu kamwe. Anayewaambia watoto kwamba zimefungwa anawadanganya, sawasawa na anayewaambia kwamba zitafikiwa kwa mwendo wa nuru.

Tatu, Mama amesema neno ambalo hesabu haiwezi kulijibu, nalo litabaki likiwangoja watakaokuja: siku uwezo utakapopatikana, ruhusa ya safari haitatoka kwa wahandisi peke yao, bali pia kwa wale watakaoachwa.

Na sasa nawageukia wazazi na walimu wa Machakos. Jukwaa la Ngomeni alilolitaja Mzee halijarusha roketi tangu mwaka 1988. Setilaiti yetu ya Taifa-1 ilirushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023, na kazi iliyopewa ilikuwa kuitazama ardhi hii, mashamba yake na ukame wake. Baina ya setilaiti hiyo ndogo na nyota ya Proxima iko kazi ya vizazi vingi, na kazi hiyo haianzi kwa roketi. Inaanza kwa mtoto aliyefundishwa kupambanua ukuta wa ada na ukuta wa maumbile, akajua upi wa kuusukuma na upi wa kuuheshimu. Nawaomba muwapeleke watoto Kyamwilu, nanyi chukueni kamba na pima-maji. Na kabla ya kuwaambia lolote, waacheni wapime wenyewe.